Tope la Kilima cha Karani

Msije mkaniambia dada yangu alikuwa mwanamke hodari. Najua. Nimeula uhodari wake miaka kumi na tisa na bado umenikwama kooni. Nataka mtu mmoja tu akubali kwamba hodari naye huwa mjinga, na ujinga wa hodari hauna breki.

Mji mzima ulimwita Mama Funguo, kwa sababu ya kishada cha funguo alichokifunga kiunoni tangu anaamka mpaka anapanda kitandani. Baba alituachia gesti ya vyumba kumi, na kwenye hati yakaandikwa majina yetu wote wawili, lake juu, langu chini. Tulivyoandikwa ndivyo tulivyoishi. Yeye alikaa mbele, mapokezi, kwenye kiti chenye mto na feni ya kumpepea. Mimi nilikaa uani na mabesheni matatu. Yeye aliwakaribisha wageni, mimi nilifua walichokilalia. Waume zetu walishatuondokea, wake kaburini, wangu kwa mwanamke wa jirani, na sijui nani kati yetu alipata afueni zaidi.

Wageni walifuata maporomoko. Nimezaliwa nikiyasikia hayo maporomoko na mpaka leo sijaelewa watu wanashangaa nini. Maji yanaanguka. Walitaka yapande? Lakini walikuja, kutoka jijini, kwa basi moja lililofika saa kumi na moja jioni siku likibahatika. Barabara ilikuwa mbaya kote, ila ubaya wenyewe hasa ulikuwa mwendo mfupi kabla ya kwetu, kwenye kilima cha udongo mweusi. Mvua ikidondosha matone mawili, basi linazama, abiria wanashuka, wanasukuma. Walitufikia hoi, tope mpaka magotini, hawataki kusikia habari ya maporomoko. Walitaka maji ya moto na kitanda. Asubuhi ndipo walipokwenda kushangaa, na basi la kurudi liliondoka mchana. Hapakuwa na namna ya mtu kuja na kurudi siku moja. Kilima kile tulikiita Karani, maana ndicho kilichotuandikishia wageni.

Tope la Karani lina tabia yake, na hapa nisikilizeni vizuri. Ni jeusi, linanata, lina harufu ya misumari iliyolowa. Nguo yenye tope hilo usiitie maji kwanza, ole wako, litasambaa na kuingia kila uzi. Unaianika mpaka ikauke kabisa, unaipiga kwa mwiko, unalikwangua tope kwa kisu butu, ndipo unaitia maji. Hayo niliyajua mimi. Dada hakuyajua kwa sababu hakuwahi kuuliza. Kwake yeye nguo chafu ilitupwa kwenye besheni, kesho yake ikaonekana kabatini.

Sasa, nani aliyekwenda kuililia lami? Yeye!

"Watu wanaogopa barabara," aliniambia. "Ikitiwa lami, wanaokuja kumi watakuja mia. Tutawalaza wapi, mdogo wangu?"

"Dada, wanalala kwetu kwa sababu wamechoka. Barabara ikiwa nzuri, watachoshwa na nini?"

Alicheka mpaka funguo zikalia. "Ebo! Mfuaji naye ananifundisha biashara."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini.

Alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Alimganda diwani kama kupe. Injinia wa barabara alipokuja kupima, alimpa chumba namba moja miezi saba bure, na shuka za injinia zilikuja kwangu. Wakati huohuo akaamua kujenga ghorofa, vyumba vinane juu ya vile kumi, na ili ajenge ikabidi tuuze shamba la mama. Shamba hilo lilikuwa fungu langu; mama alilitamka akiwa na akili zake timamu. Dada akanishika mkono, akasema, "Ghorofa ikiisha, chumba cha mwisho juu ni chako. Kina dirisha la maporomoko. Utaacha kulala stoo." Nikakubali. Mjinga wa pili ni mimi, andikeni.

Lami ikaja. Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, dada akakaa mstari wa mbele kwa gauni jipya la bluu. Safari ya siku nzima ikawa ya saa mbili na nusu, na kweli, wageni wakawa wengi kuliko alivyoota. Mabasi madogo yenye viyoyozi yaliingia saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri yalishageuza. Watu walikuja na chakula chao kwenye maboksi ya barafu, viti vyao vya kukunja, hata maji yao. Gesti kwetu walifika, sisemi hawakufika.

"Samahani mama, choo kiko wapi?"

"Karibuni, vyumba vipo," dada anasema, tabasamu mpaka masikioni.

"Hapana mama. Choo tu."

Vyumba kumi na vinane vimetandikwa, na kilichopata wageni ni choo kimoja. Bahatisheni nani alikisafisha. Na kile chumba changu cha mwisho juu? Kilifungwa. "Subiri kidogo, mdogo wangu, anaweza kuja mgeni mkubwa." Nilisubiri miaka mitatu, stoo, nikilala kati ya sabuni na panya.

Aliyefaidi lami alikuwa mtu mwingine, mwekezaji tuliyempa jina la Bwana Bembea. Kule maporomoko alifunga kamba ndefu ya kubembea juu ya maji, akachimba mabwawa yenye mitelezo, akaweka na spika. Baada ya mwaka mmoja watu hawakuyatazama tena maporomoko. Walipanga foleni ya mtelezo na kuyapa mgongo. Kitu kimoja tu kilimpungukia: mahali pa kuegesha mabasi. Akaja kwetu, viatu vinang'aa, adabu kama mchumba, akaomba kuinunua gesti aibomoe, awe na maegesho. Alichotaja kilitosha kila mmoja wetu apate nyumba yake.

Mimi nilisema ndiyo kabla hajamaliza chai.

"Nyumba ya baba yangu ikanyagwe na matairi?" dada akasema. "Thubutu!"

Zilihitajika sahihi mbili. Kila mwezi Bwana Bembea alikuja, kila mwezi mimi nikasema ndiyo, dada hapana. Mimi nilitaka kutoka kwenye besheni kabla vidole havijafa ganzi vyote, viwili vilishakufa. Yeye alitaka afe na funguo kiunoni. Tukaacha kusemezana ila habari za shuka. Nilimchukia, sifichi. Nilichukia hata mlio wa zile funguo akipita.

Basi Alhamisi moja, mwanzoni mwa mvua, nikakuta kwenye besheni gauni lake la bluu. Lilikuwa na tope jeusi kuanzia pindo mpaka tumboni. Nikalinusa. Misumari iliyolowa. Nikasimama nalo mkononi nikijiuliza, maana tangu lami itiwe sikuwa nimeliona tope hilo. Lakini kazi ni kazi. Nikalianika kwenye kamba ya nyuma, chini ya bati, likauke.

Jumamosi mvua ilipiga tangu asubuhi, na mabasi yalishaingia. Saa nane mchana habari zikafika: barabara imekatika pale Karani. Maji yamepita juu ya lami, yamekula kingo, yamechukua kipande kizima. Gari dogo la abiria limeteleza mtaroni na dereva amevunjika mkono. Hakuna kutoka.

Loo, mngemwona dada! Funguo zililia kama kengele za shule. "Chumba cha sita, taulo! Juu kule, mito miwili! Mdogo wangu, mbio!" Vyumba kumi na vinane vikajaa, watu wakalala na kwenye korido. Hata chumba changu cha mwisho alikifungua hatimaye, akamlaza yule dereva, kijana wa watu, uso umempauka kwa maumivu. Dada akampepea kwa gazeti. "Pole mwanangu. Barabara za siku hizi!"

Nami nilipanda na kushuka ngazi na shuka safi mikononi, nikisikia sauti za watu kila mlango, na nitasema ukweli hata kama unanitia aibu: nilifurahi. Nilifurahi kama tulipokuwa wasichana na baba yuko hai. Hilo nalo sijamsamehe.

Jumapili asubuhi suruali za wageni waliokwenda Karani kujaribu kuvuka zikashuka uani, rundo, zina tope la Karani. Nikazianika kwenye kamba ya nyuma, na pale pale pembeni likawa linaning'inia gauni la bluu, limekauka. Tope moja. Ila gauni lilikuwa limelipata siku mbili kabla barabara haijakatika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zenyewe.

Jumatatu diwani alikuja na injinia yuleyule wa chumba namba moja. Wakakaa sebuleni. Injinia akasema wamefukua kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, wakalikuta limeshindiliwa viroba vya mchanga. Mtu amefanya kusudi, kwa siku kadhaa, taratibu. Diwani akasema mtu huyo atafungwa mpaka asahau rangi ya jua.

"Hakuna mliyemwona na tope kabla ya Jumamosi?" akauliza.

"Watoto wa siku hizi, mheshimiwa," dada akajibu, mkavu kama ubao. "Hawana malezi."

Diwani akanigeukia. Nikamjibu, "Mimi mfuaji tu, mheshimiwa. Ngoja niwaongezee chai." Kisha nikamwambia dada aje anisaidie uani.

Alipoliona gauni kwenye kamba hakushtuka. Alilitazama tu, na ndipo nilipoelewa. Mwanamke huyu alifanya kosa la kumfunga, akafika nyumbani, akavua ushahidi, akautupia kwenye besheni langu kama kawaida. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu kwenye besheni lile. Miaka kumi na tisa!

"Tope hili umelitoa wapi?"

"Tope ni tope."

"Kwako wewe. Mimi nimelikwangua kwenye suruali za nusu ya nchi hii. Nalijua kwa pua."

Akapandisha sauti: "Ulitaka nikae nitazame nyumba inakufa?"

"Kijana wa watu amevunjika mkono, amelala chumbani kwangu."

"Chumba chako kipi?"

Wallahi, aliniuliza hivyo. Chumba chako kipi. Kama kulikuwa na huruma iliyobaki kifuani mwangu, ilitokea mlango huo.

"Diwani yuko sebuleni," nikasema. "Karatasi za Bwana Bembea ziko kabatini. Ukiweka sahihi, nitakwenda kumimina chai. Usipoweka, nitakwenda na gauni."

"Utanifunga? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Weka sahihi, dada."

Akakaa juu ya besheni lililopinduliwa. Sikuwahi kumwona amekaa pale. "Jumamosi nyumba ilijaa," akasema polepole. "Uliona? Ilijaa yote."

Niliona. Akaenda akaweka sahihi.

Gesti ilibomolewa kwa siku mbili. Leo hapo pana mabasi ishirini na vibanda vinne vya choo. Mimi nina nyumba ya vyumba vitatu, na mashine ya kufulia, ndiyo, mashine, inanguruma na mimi nimekaa. Dada hakujenga. Alisema nyumba isiyo na wageni ni kaburi, fungu lake akaliacha benki, akaja kwangu na sanduku moja. Nimempa chumba cha mwisho, nyuma, dirisha linatazama ukuta. Funguo zote kumi na nane bado anazifunga kiunoni. Anapita koridoni zinalia, na mimi bado nauma meno.

Gauni sikulifua. Nililikunja na tope lake, nikalitia chini ya nguo zangu. Akiniudhi nilikuwa nalitoa na kulianika sebuleni, halafu nalirudisha. Hatukuhitaji maneno.

Juzi nilirudi sokoni nikamkuta uani. Amelitafuta mpaka akalipata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya besheni kuukuu, amemwagia gauni maji ndoo nzima, halijapigwa, halijakwanguliwa, na anasugua kwa mikono isiyojua hata kushika sabuni. Weusi ulikuwa umeshapanda kifuani na kwenye mikono ya gauni. Ile bluu ilikuwa inakwisha.

Nikajimiminia chai, nikakaa kwenye ngazi.

"Mdogo wangu," akasema bila kuinua kichwa, "mbona halitoki? Linazidi kuenea. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Ni mara ya kwanza maishani mwake kuniuliza.

"Sugua tu, dada," nikamwambia. "Litatoka."