Maziwa ya Wageni wa Mama Neema

Nisikilize, wewe unayesoma huku mkono mmoja umeshika tumbo. Nimefanya kazi ya unesi hapa Babati hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwauliza watu wanakula nini. Ungedhani baada ya miaka yote hiyo hakuna jambo linaloweza kunishtua. Lipo moja, na hadi leo nikilikumbuka naweka kikombe chini.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye zahanati ndogo upande wa Bonga. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkulima mwenye kiungulia, yaani asidi ya tumboni inapanda kifuani na kuchoma. Nilimuuliza anafanyaje inapomchoma. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bonge la magadi, haya haya tunayolainishia maharage, akaliramba mbele yangu kama mtoto na pipi. Nilifungua mdomo nipige kelele. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, alikuwa nyuma yangu, akaniwahi.

"Baba, na likiisha hilo unanunua jingine?" aliuliza kwa upole.

"Nina gunia nyumbani, Daktari," yule baba akajibu kwa fahari, kisha akaeleza yote: chai ya rangi kabla ya kula chochote, vidonge vya maumivu juu ya njaa, chakula kingi usiku na kulala hapo hapo. Alipotoka, ameelezwa vizuri na magadi yake ameyaacha mezani, Mganga Mfawidhi alinigeukia. "Nesi, shtuka moyoni. Uso wako uache umpokee mtu. Anayeogopa uso wako atakuficha chakula chake."

Kutoka hapo nilihamishiwa kituo cha afya, chini ya Muuguzi Mkuu, mama mwenye sauti iliyosikika hadi getini. Yeye ndiye aliyenifundisha historia ya ulaji: unamtembeza mgonjwa siku nzima ya jana, tangu alipoamka hadi alipolala, mlo kwa mlo. Alinifundisha pia habari za utumbo nyeti. Kuna watu vipimo vyao vinatoka safi, lakini utumbo wao unashtuka upesi kuliko wa wengine. Mafuta mengi unashtuka, wasiwasi unashtuka, kula kwa haraka unashtuka. Watu hawa husaidiwa na mambo madogo: kula kidogo kidogo, kutafuna vizuri, kuloweka maharage na kumwaga yale maji, kutembea kidogo badala ya kulala baada ya kula. Nilimwona mama yule akiwarudisha watu shambani kwa maneno ya namna hiyo tu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hospitali ya hapa mjini, kwenye chumba cha ushauri wa lishe. Huko ndiko alikoletwa Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Bagara. Daktari wa wagonjwa wa nje alimleta mwenyewe hadi mlangoni kwangu.

"Nimempima mengi tayari," aliniambia. "Minyoo hana, vidonda vya tumbo hana, sukari hana. Mimi naendelea na vipimo, wewe shika chakula. Fanya haraka, huyu anayeyuka."

Mama Neema alikuwa amefunga sketi yake kwa pini kiunoni isimdondoke.

"Mwalimu, jana ulikula nini?"

"Uji wa mchele, Nesi. Mchana wali mkavu kidogo."

"Maharage?"

"Niliacha, gesi."

"Mboga?"

"Niliacha."

"Ugali?"

"Huo niliuacha mwanzo kabisa."

"Sasa umebaki na nini?"

"Nimebaki na uji na Mungu." Akacheka peke yake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Neema nimeshampa dada yangu wa Dareda. Tumeelewana, maana baba yake ni mtu wa safari. Nikiondoka, mtoto ana pa kwenda."

Neema alikuwa bado hajaanza shule. Niliweka kalamu chini. Mtu hana ugonjwa wowote uliopatikana, na ameshagawa mtoto.

Nilimwomba nimtembelee nyumbani. Asubuhi nilipofika nilimkuta sebuleni na mama mkwe wake, bibi mmoja wa wafugaji wa nyanda za Hanang aliyehamia hapo na ng'ombe wake, mrefu, aliyekaa wima kama fimbo. Tulikuwa hatujamaliza salamu, jirani akaingia.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kumwona mgonjwa." Akatoa chupa ya maziwa yaliyochemshwa alfajiri. Yakamiminwa kikombe hadi juu. Mama Neema akayanywa yote, akashukuru. Akaingia wa pili, ametoka Nangara kwa miguu, naye ana chupa. Kikombe kikajazwa, kikanywewa. Bibi naye akaleta ya ng'ombe wake, maana ya nyumbani hayawezi kushindwa na ya jirani. Muda si mrefu mwalimu akainuka, akaenda chooni akishika ukuta.

Hapo uso wangu ulinishinda.

"Mwalimu!" nilisema aliporudi. "Mbona haya hukuniambia?"

Alinishangaa kwa dhati. "Haya? Uliniuliza chakula, Nesi. Hawa ni watu wamekuja kuniona."

"Hukatai hata siku moja?"

"Nakataaje? Mtu ameacha kazi zake, amekuja na maziwa ya ng'ombe wake. Nikiyakataa nimemkataa yeye."

Unaona ilivyokuwa? Alivyozidi kuumwa, wageni walizidi. Wageni walivyozidi, maziwa yalizidi. Naye alipoharisha alilaumu maharage, kisha mboga, kisha ugali, akaviacha kimoja kimoja mpaka mwili ukakosa cha kushika.

Nikaeleza taratibu. Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Ili ivunjwe, utumbo unahitaji kimeng'enya, kitu ambacho mwili hukitengeneza wenyewe. Watu wengi wakishakua wanakipunguza. Laktosi isipovunjwa inachachuka tumboni, inaleta gesi, msokoto na kuharisha.

Bibi alisimama. "Unasema maziwa yangu yanamuua mke wa mwanangu?"

"Hapana, Bibi."

"Mimi nimelelewa na maziwa. Wanangu wote wamelelewa na maziwa. Wewe Nesi umelelewa na nini, soda?"

"Maziwa yako hayana kosa, Bibi. Tumbo la mwalimu ndilo halina cha kuyavunjia. Nipe kikombe, ninywe mbele yako."

Nikanywa hadi chini. Bibi akakichungulia kikombe kama kweli kimeisha.

"Umeona? Nimetulia," nikasema.

"Bado mapema," akajibu, na mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko hicho ndicho kilichomlainisha Bibi. Aliniuliza, sasa kwa sauti ya chini, "Akiacha, ataishi?" Nikamwambia nadhani tumeona chanzo, na Daktari ataendelea kumwangalia. Akafikiri. Kisha akachukua kigoda chake, akakiweka mlangoni kabisa.

"Maziwa ya nyumba hii napokea mimi. Mkubwa akipokea, nani atasema amekataliwa?"

Niliporudi baadaye nilimkuta hapo hapo, kikombe mkononi, na jirani anamtania: "Bibi, kwani mgonjwa ni nani siku hizi?"

"Ni mimi. Naumwa kiu."

Kuharisha kulikoma. Tukarudisha vyakula kimoja kimoja: ugali, mchicha, kisha maharage yaliyolowekwa. Mwisho Bibi mwenyewe akagandisha maziwa kwenye kibuyu, na mwalimu akaonja kidogo pamoja na chakula bila shida, maana yakiganda sehemu ya sukari ile huwa imeshaliwa na vijidudu vinavyoyagandisha. Siku aliyokuja kliniki na sketi isiyo na pini, alimpigia dada yake simu akiwa mbele yangu. "Dada, kuhusu Neema," alisema, "usimtandikie kitanda. Bado namhitaji."

Sasa nimestaafu, nalima mboga zangu. Vijana wanakuja na simu zao, wananionyesha orodha ndefu za vyakula vya kuacha, na wengine wameshaacha vyote kwa siku moja. Nashtuka upya kila mara, kwa sababu najua njia hiyo inaishia wapi. Tumbo nyeti halihitaji njaa, mwanangu. Linahitaji kujulikana, na ukilijua utaishi nalo kwa amani.

Ukiona damu chooni, unakonda, una homa au kumeza kunakuwa kugumu, nenda hospitali kwanza. Kama hayo huna, mwambie mhudumu wa afya kila kilichopita mdomoni mwako tangu jana, pamoja na ulichopewa na wageni. Kisha acha kimoja tu unachokishuku, kwa wiki mbili, na vingine vyote endelea kula.