Kizibo cha Shaba Tupu

Walimwita Tupa kwa sababu tupa, ile ya kusugulia chuma, haikumtoka mkononi, na kwa sababu hata mdomo wake ulikuwa na kawaida ya kuparuza watu. Alikuwa na miaka sabini na mbili, akiishi chumba cha uani kwa dada yake, na huo ulikuwa mwaka wa tatu anaunda kichwa cha treni ya mvuke chenye urefu wa mkono mmoja.

Hakuna alichonunua kikiwa tayari. Tangi la mvuke alilikata kwenye bomba la shaba nyekundu la hita ya maji iliyotupwa. Ribiti za kuunganishia vipande, zaidi ya mia sita, zilitoka kwenye waya wa umeme. Alizigonga vichwa moja baada ya nyingine. Mashine ya kukereza hakuwa nayo, hivyo aliibana keekee ya umeme kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akafunga gurudumu mbele yake, akalinyoa kwa tupa huku linazunguka. Gurudumu moja, siku nne. Magurudumu yalikuwa manane.

“Kaka, hii meza nilikuwa nakatia mboga,” dada yake alimwambia.

“Katia magotini. Treni haina magoti.”

Dada mwenyewe ndiye aliyekiomba kichwa hicho. Mumewe, aliyejulikana kituoni kama Honi, alikuwa dereva wa reli nyembamba ya kupanda mlimani, ile ambayo mtu akitanua miguu kidogo anasimama juu ya reli zote mbili. Miaka thelathini na moja nyuma, tangi lilipasuka katikati ya mlima, likamuua yeye na mchochea moto wake. Ripoti ilisema dereva alikuwa amelewa, akaacha maji yapungue. Mwanawe wa miaka tisa akaitwa Mtoto wa Chupa shule nzima. Sasa ni mtu mzima, fundi umeme katika mji mwingine, na wanawe amewaambia babu yao alikufa kwa homa.

“Nataka mwanangu ashike kitu cha baba yake,” dada alisema. “Kitengeneze kama kilivyokuwa asubuhi ile. Usinipambie.”

Tupa alijua kilivyokuwa asubuhi ile kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi wake.

Juu ya tanuri la moto la kichwa kama hicho kuna kizibo, unene wa kidole, cha shaba ya manjano chenye madini laini ya risasi katikati. Maji yakipungua, risasi inayeyuka, mvuke unashuka na kuzima moto. Treni inachelewa, watu wanatukana, hakuna anayekufa. Lakini vizibo vile viliungua kila mara, na stoo viliisha. Mkuu wa karakana akasema, “Tia cha shaba tupu, bila risasi, wiki moja tu.” Tupa alikikereza kwa dakika kumi. Wiki ikawa miezi minne. Asubuhi ile kioo cha kupimia maji kiliziba kwa tope, kikaonesha nusu wakati tangi lilikuwa karibu kavu. Honi aliamini kioo. Mbele ya wachunguzi Tupa aliulizwa kuhusu kizibo, akajibu maneno mawili: “Kilikuwa sawa.” Kizibo chenyewe mkuu alikuwa ameshakiokota kwenye mabaki na kukificha.

Kwa hiyo, kazi ilipofika kwenye dari la tanuri, alitengeneza vizibo viwili, kimoja chenye risasi, kingine shaba tupu, akaviweka mezani, akakaa wiki nzima akisugua mahali palipokwisha kung'aa.

Dada yake alileta chai mchana mmoja, akaviona.

“Tundu moja, vizibo viwili. Umezeeka mpaka hesabu imekukimbia?”

Tupa hakumjibu kwa mzaha. Ndipo dada alipokivuta kiti.

“Ulisema kama kilivyokuwa,” Tupa alisema. Akakisukuma kile cha shaba tupu mbele yake. “Kilikuwa hiki. Nilikifunga mimi. Shemeji hakuwa amelewa.”

Alimweleza yote: risasi, stoo, kioo, maneno mawili. Dada alisikiliza huku anakizungusha kizibo kwa ncha ya kidole.

“Umekula kwangu miaka kumi na tisa,” alisema hatimaye.

“Ndiyo, dada.”

“Ukaninyamazia.”

Hakulia. Alitoa simu mfukoni, akampigia mwanawe, akamkabidhi Tupa.

“Mwambie. Kama ulivyoniambia, usipunguze.”

Tupa alisema. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya keekee ikitoboa ukuta, kisha ikazimwa.

“Mjomba, rudia.”

Akarudia.

“Rudia pale ulipoulizwa.”

“Nilisema kilikuwa sawa.”

“Mpe mama.”

Mama alisikiliza, akaitikia mara mbili tatu, akakata simu.

“Anakuja Jumamosi na watoto,” alisema. “Anataka awaoneshe kaburi la babu yao. Asikukute hapa.”

“Na kichwa?”

“Kimalize. Utie hicho ulichotia siku ile, nimwoneshe.”

Ilikuwa Jumanne. Tupa alikifunga kizibo cha shaba tupu, akakikaza mpaka spana ikagoma. Siku zilizobaki alizitumia kwenye breki, na zilishika vizuri. Ijumaa mchana alizifunga tupa zake ndani ya fulana, akaisafisha meza ya mboga kwa maji ya sabuni, akatoka kwa mlango wa uani. Dada yake alikuwa jikoni, akipika, na hakugeuka.