Picha ya Rais Juu ya Kiti cha Baba

Juzi nilikwenda Nchiru kumtembelea binti yangu, aliyepanga chumba karibu na chuo. Nje ya kioski kijana mmoja alikuwa anabandika matangazo kwa gundi ya unga wa ngano. Jamani, ile harufu! Unga uliopikwa, ukashika kidogo chini ya sufuria. Binti yangu akaniuliza mbona nimesimama kama mtu aliyesahau njia. Nikasingizia jua. Hadithi yenyewe si ya kusimuliwa barabarani, ila ninyi mmeketi, basi sikilizeni.

Kwetu, juu kidogo ya mji wa Maua, nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na mbao zikikauka huachana. Upepo wa milima ya Nyambene hauna adabu. Huingia bila hodi na kulala nanyi kitandani. Kwa hiyo kila Desemba, kabla ya Krismasi, akina mama walibandika magazeti ukutani, mapya juu ya yale ya mwaka jana, mpaka ukuta ukawa mnene kama blanketi. Nyumba isiyobandikwa ilikuwa aibu. Wageni wangesema mwenye nyumba ni mvivu, na mama yangu heri angeitwa mchawi kuliko mvivu.

Mimi na dada yangu tulijifunza kusoma ukutani. Niliwajua mawaziri waliofutwa kazi kabla sijawajua binamu zangu wote, ingawa wengine niliwasoma vichwa chini, maana mama alifuata picha, hakufuata maneno. Biblia ya Kimeru aliisoma vizuri sana. Kiingereza hakukijua, na wala hakikumnyima usingizi.

Ila alikuwa na sheria moja. Picha ya Rais haibandikwi chini, haibandikwi karibu na jiko, na ole wako uigeuze miguu juu. Mahali pake palikuwa sebuleni, juu ya kiti cha baba, ambapo kila anayeingia ataiona. "Heshima si utumwa," mama alikuwa akisema, huku akipangusa mkunjo kwa kiganja chenye gundi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama gazeti. Aliletewa na mjomba Mutuma, kaka yake mama, aliyekuwa dereva wa pikapu ya miraa. Mjomba alikwenda Nairobi na miraa, akarudi na mkate na magazeti. Jumamosi alasiri majirani walijaa kwetu. Baba alisoma, akatafsiri kwa Kimeru, akaongeza chumvi yake, nao wakabishana na kucheka mpaka chai ikaisha. Hata naibu chifu wetu, Bwana Kaberia, hakukosa. Yeye na baba waliimba besi pamoja kanisani. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na kicheko cha kuamsha kuku.

Mwaka mmoja mjomba alileta jarida moja la Kiingereza chini ya kiti cha pikapu. Serikali ilikuwa imelipiga marufuku. Kukutwa nalo tu, bila hata kulifungua, kulitosha kukupeleka ndani. Hilo sote tulilijua, hata watoto; kwamba jarida lenyewe limo nyumbani mwetu, alijua baba peke yake. Mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mto alikuwa amekutwa na karatasi za namna hiyo. Landrova ya polisi ilimchukua mchana kweupe, na aliporudi hakuwa na kazi, na miguu yake haikuingia tena kwenye viatu.

Baba alilisoma, akalificha mahali alipoona salama kuliko pote: katikati ya gunia la magazeti makuukuu. Gazeti ndani ya magazeti, nani atalitafuta? Msomi huyo! Kisha akaenda Embu kwenye semina ya walimu, akasahau kwamba Desemba imeingia.

Mama akaamua kumfanyia mshangao. Alipika gundi, akamimina gunia sakafuni, nasi tukawa tunampa kurasa. Lile jarida lilipotokea alifurahi sana. Jalada lake lilikuwa na picha ya Rais, kubwa, karatasi inayong'aa. Chini yake palikuwa na maneno makubwa meusi ya Kiingereza, na Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kumsalimia mwalimu tu. Mama alilibandika kwa uangalifu juu ya kiti cha baba, akarudi nyuma akalitazama. "Hapo sawa," akasema.

Baba alirudi Jumamosi. Alikuta watu wameshajaa, wanamngoja, na kikombe cha kwanza kimeshamiminwa. Akaketi kwenye kiti chake bila kuinua macho, akafungua gazeti la siku hiyo, akaanza. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Na ukimtazama yeye, unautazama ukuta.

Nilikuwa nimeketi chini karibu na mlango, ndiyo maana nilimwona Bwana Kaberia. Kikombe kilisimama njiani, kati ya sahani na mdomo. Midomo yake ilikuwa inatembea polepole, kama ya mtu anayesoma. Halafu ikaacha. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kuona nani mwingine anajua kusoma Kiingereza.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yenu imependeza."

"Asante."

"Nani amebandika?"

"Ni mimi," mama akajibu kutoka jikoni, na furaha yake ikasikika.

"Naona hata Rais amepewa kiti cha mbele."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akageuka kuangalia. Sijawahi kuona tena uso ukifanya vile. Damu iliondoka yote, akawa rangi ya majivu. Akaugeukia tena umati, akaendelea kusoma bei ya kahawa, lakini sauti haikuwa yake. Bwana Kaberia akaweka kikombe chini. Kwetu mgeni haachi chai nusu, labda awe na msiba au ugomvi. Yeye aliiacha.

"Tutaonana, Mwalimu," akasema, akatoka.

Wageni walipoondoka baba alifunga mlango, akaukwangua ukuta kwa panga na maji. Gundi ya mama ilikuwa gundi kweli. Jalada halikutoka peke yake, lilitoka na miaka yote iliyokuwa chini yake. Akalichoma. Kisha akachoma gunia lote. Kisha akaanza kubandua kuta nyingine, hata chumbani kwetu, ambako hapakuwa na lolote ila mpira wa miguu na matangazo ya sabuni. Mama alikuwa analia amekaa sakafuni. "Nimemweka mahali pa heshima. Kosa langu liko wapi, Baba Kendi?" Baba akazidi kubandua. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona baba akiogopa.

Tukangoja Landrova. Mama alimfungashia baba sweta na soksi nzito kwenye mfuko, akauning'iniza nyuma ya mlango, maana ilisemekana sakafu za kule ni baridi. Kila gari lililopanda kilima, kijiko kilisimama mezani. Krismasi ile tulikula nyama ya mbuzi bila kuzungumza, upepo ukipita kati yetu. Na kanisani Bwana Kaberia alitushika mkono, "Muga, Mwalimu," kama kawaida, wakaimba besi bega kwa bega. Hilo ndilo lililotutisha kuliko yote. Mama alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, akatukataza kucheza na watoto wa Kaberia. Nilimchukia yule mtu. Nilimwombea mabaya, na niliomba kwa bidii.

Landrova haikuja. Wiki zikapita, mvua ikaanza, haikuja. Jumamosi majirani walikuja, wakauliza, "Mwalimu, kuna habari?" Baba akajibu, "Hakuna." Walijaribu tena na tena, kisha wakaacha kuja. Mjomba aliambiwa asilete tena gazeti, hata la kufungia nyama. Mwaka uliofuata mama alipaka ukuta chokaa.

Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda kumpa pole mjane wa Bwana Kaberia. Aliniandalia chai, akaniuliza kwa sauti ya chini kama baba yangu aliwahi kumsema mumewe kwa wakubwa. Nikamwuliza kumsema nini.

"Kwamba aliona lile gazeti kwenu akanyamaza," akasema. "Naibu chifu kuona kitu kama kile bila kuripoti! Alikuja nyumbani siku ile akafunga mlango, akanieleza. Nilimfungia nguo nzito kwenye mfuko. Tuliingoja Landrova miaka, Kendi. Kila Jumapili alimsalimia baba yako kuona kama macho yake yamebadilika."

Nililia pale pale, chai yangu ikapoa. Utotoni nilidhani hofu ile ilikuwa inatoka kwake. Kumbe ilikuwa imekaa kati ya marafiki wawili, kila mmoja akiilisha kwa kumtazama mwenzake, na aliyelipiga gazeti marufuku hakuhitaji hata kupanda kilima chetu. Sisi tulimfanyia kazi yote.

Wakati huo mama alikuwa amekwisha fariki na baba alikuwa anaishi kwangu, mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Chini ya dirisha lake kijana alikuwa akiuza magazeti, yakimsema Rais wa siku hizo yanavyotaka, na hakuna aliyeshtuka. Nilimketisha nikamwambia yote: kwamba Kaberia hakusema neno kwa mtu, kwamba alikuwa anamwogopa yeye, kwamba yote yalikuwa bure. Nilitarajia atalia, au atacheka. Alikuwa mzee sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka polepole, akafunga dirisha.

"Wakati mjane wake anakwambia hayo," akaniuliza, "ni nani mwingine alikuwepo?"