Kinini ya Haraka

Watu wanaonipenda huniambia, "Papa, wakati ule ilikuwa vita." Sikubali. Vita havikushika bomba la sindano. Nililishika mimi, katika zahanati ndogo ya Makiso, mwaka wa uasi, daktari wetu alipokwisha kukimbia mji.

Nilikuwa msaidizi tu, nimetoka sekondari, nimefundishwa kuchoma sindano. Wagonjwa wetu waliamini kinini, dawa yetu ya malaria, haijafanya kazi mpaka masikio yalie. Mama mmoja aliyeletwa kutoka Banalia na malaria kali aliniuliza, "Mbona masikio yangu iko kimya?" Nikataka kumridhisha. Nikamsukumia ampuli nzima mshipani kwa mkupuo mmoja. Masikio yalilia. Kisha moyo ukasimama.

Siku hizi mjukuu wangu, mwanafunzi wa kemia, ananieleza kwamba seli za moyo zina vijilango vya kupitishia chumvi ili moyo upige, na kinini huviziba. Habari za vijilango sikuzijua. Lakini nilikuwa nimeambiwa: polepole. Hilo nililijua.

Siku chache baadaye muasi mmoja aliingia na bunduki, amembeba mdogo wake aliyezimia kwa homa.

"Piga yote sasa! Camion inatungoja inje, tunaenda Simi-Simi."

"Hapana. Itaingia na serumu, maji ya chupa, tone kwa tone. Masaa manne."

"Masaa manne! Wewe mutumishi wa Wazungu, unaogopa sindano?"

"Naiogopa kuliko bunduki yako. Nimekwisha kuua mama mmoja kwa haraka kama hii."

Akaniwekea mtutu shingoni. "Donc, basi unajua kuua."

"Najua. Ndiyo maana sifanyi tena. Ukinipiga risasi, nani atahesabu matone? Wewe?"

Akanitukania ukoo mzima. Nikaning'iniza chupa kwenye msumari wa dirisha, nikatafuta mshipa, nikaanza kuhesabu. Lori likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Mtutu ulishuka kidogo kidogo. Mkono wake ulikuwa umechoka.

Alasiri msumari ulilegea, nikamwambia ashike chupa. Akaiweka bunduki chini, akaishika. Mdogo wake akafumbua macho, akaomba maji.

"Infirmier," akasema, sauti imebadilika, sasa ananiita muuguzi, "deni ya yule mama, umeisha kuilipa."

"Hapana. Huyu ni huyu. Yule ningali naye mimi, wala sikukuomba unisamehe."

Akafungua mdomo anijibu. Nikamwambia anyamaze, ainue chupa vizuri, kwa sababu robo ya dawa ilikuwa bado haijaingia.