Tochi ya Kisima cha Gatuanyaga

Betri kuukuu zikianikwa juani hutoa harufu ya chuma na chumvi, na ukiigusa moja kwa ncha ya ulimi utabaki na ukakasi mdomoni hadi jioni. Niliijua harufu hiyo nikiwa darasa la tano, likizo ambayo Baba alinichukua niwe nikienda naye kazini Gatuanyaga. Tulikaa mtaa wa Kiandutu, katika chumba kimoja cha mabati, na Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Hakutaka nishinde peke yangu kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, yenye watu wengi vile. Kwa hiyo kila asubuhi tulipofika, nilizipanga betri za tochi juu ya jiwe zipate joto, huku wanaume wakinywa uji wao bila haraka.

Baba alikuwa mchimba visima, yeye na mdogo wake, Baba mdogo Wafula. Walitoka Bungoma pamoja wakiwa vijana. Mwaka huo walikuwa wakimchimbia Mama Wambui, mjane mwenye ng'ombe wawili na shamba lililokauka hadi likapasuka. Baba ndiye aliyeshuka. Wafula alibaki juu kwenye gurudumu la mbao, akivuta ndoo za udongo. Kabla ya yote waliteremsha koroboi inayowaka, na ikizimika huko chini hakuna mtu aliyeingia hadi waipunge hewa mbaya kwa matawi ya majani. Koroboi ikirudi inawaka, Baba alivaa tochi yake ndogo shingoni kwa kamba ya kiatu na kushuka. Kila akijaza ndoo alielekeza mwanga juu. Mimi nililala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, nikiuona nasema, "Vuta!" Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sheria yao ilikuwa moja: mwanga ukipotea, Wafula anatikisa kamba, na Baba anapanda juu hapo hapo bila kubishana. Shida ni kwamba tochi yenyewe ilikuwa na vituko. Ilizima ikitikiswa na kuwaka ikipigwa kofi. Tulibadilisha balbu. Tuliziuma betri kwa meno, tukakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuisukumia kwenye springi. Kila dawa ilidumu kidogo, halafu giza. Baba alipandishwa bure mara nyingi hadi siku moja akatoka amekasirika, jasho na matope usoni. "Hii takataka ikizima msinisumbue tena," akasema. "Nikitaka kutoka nitatikisa kamba mwenyewe." Hivyo ndivyo sheria ilivyokufa, na hakuna aliyeona kwamba tumepoteza kitu.

Jioni moja Mama akikaanga sukuma wiki, Baba alitandika gunia sakafuni akaifungua tochi yote. Alinipa kila kipande nikishike, na kwa mara ya kwanza tukakiangalia kimoja kimoja badala ya kuipigapiga tu. Ugonjwa tuliukuta kwenye kibati chembamba kinachotoka kwenye swichi hadi kwenye balbu. Kilikuwa kimekatika katikati, na ncha zake zilikuwa zikigusana zinapopenda. Baba alikata kipande kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akakisugua kwenye kizingiti hadi kikang'aa, akakipachika. Tuliitikisa tochi. Tuliiangusha kitandani, tukaigonga gotini. Haikupepesa hata kidogo. Baba alicheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Imepona, Nekesa. Ikizima tena, jua kuna kitu." Nililala nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena.

Kesho yake njiani alimwambia Wafula tochi imepona. Wafula alitabasamu tu, kwa sababu habari hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi. Koroboi ilishuka na kurudi inawaka. Baba akaingia, ndoo zikaanza kupanda, jua likawa kali. Kisha nikaona mwanga unayumba, ukazunguka ukutani, ukapotea.

"Baba mdogo, imezima."

"Si unajua hiyo tochi."

"Lakini jana tuliitengeneza. Baba alisema ikizima kuna kitu."

"Imetengenezwa mara ngapi hiyo? Tulia. Atatikisa kamba."

Akaketi juu ya lundo la udongo, akanipa mgongo. Mimi nikaitazama kamba. Ilining'inia vile vile, imenyooka, haina habari. Nilimwita Baba, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi. Ndipo nilipopiga mayowe, na Mama Wambui akaja mbio kutoka zizini, mikono imejaa maziwa. "Ngai! Mtu anaitwa haitiki na wewe umekaa?" Wafula aliinuka kama amechomwa. Waliteremsha koroboi, ikazimika kabla ya kufika chini. Wakaita majirani, wakapunga matawi, wakamwaga maji kuisukuma hewa. Hatimaye Wafula alifungwa kamba kiunoni akashuka huku akilia.

Walipomtoa Baba alikuwa amekwisha. Alikuwa ameanguka kifudifudi, na tochi ilikuwa chini ya kifua chake. Ilikuwa imejaa matope, na pale mchana kweupe ilikuwa bado inawaka.

Kwenye matanga watu wote walisema tochi mbovu ndiyo iliyomuua. Nilipotaka kusema haikuwa mbovu, shangazi mmoja alinivuta nyuma ya nyumba akaniambia mtoto hatii mdomo kwenye mambo ya wakubwa. Nikanyamaza. Nilinyamaza hadi nikawa mama wa watoto, na hasira yangu ikakua pamoja nami.

Siku hizi kule Gatuanyaga lori huja na mashine, likatoboa ardhi na kuondoka, na hakuna baba wa mtu anayeteremshwa na kamba. Nafurahi kwa hilo, na sitamani hata kidogo turudi kule tulikotoka. Mimi nakaa Kamenu, nafanya kazi kiwandani, na wanangu wakitaka mwanga wanagusa simu. Nyumbani kwangu mtoto akisema kuna kitu, naacha ninachofanya naenda kuona. Wananicheka kwa hilo. Mara nyingi huwa hakuna kitu.

Baba mdogo aliacha visima akawa bawabu Ruiru. Juzi niliitwa nikamwone kwa sababu ni mgonjwa. Alimtuma mkewe dukani, akasubiri mlango ufungwe.

"Watu wanasema ni tochi," akaniambia.

"Najua."

"Nilikusikia, Nekesa. Tena nilikuamini." Alikuwa akitazama ukuta. "Nilijua ikiwa ni hewa, mtu wa kushuka ni mimi. Nikaogopa. Nikaketi nijiambie ni tochi."

Nilimshika mkono wake, mkavu na mwepesi, na nilijua neno alilokuwa akingoja. Nilimwonea huruma kwelikweli. Lakini nililitafuta neno lile hadi mkewe akarudi, na sikulipata.