Dufu la Djoya Mlangoni kwa Lambis

Djoya Pesah alirudi Salonika, mji wa Ugiriki, Agosti ya mwaka arobaini na tano, nywele fupi kama za askari, namba ya buluu iliyochanjwa mkononi. Kabla ya vita, yeye na mama yake Bulisa ndio waliokuwa wapiga dufu wa harusi za Wayahudi wa mji ule. Bibi harusi hakutoka kwao mpaka Bulisa amtangulie kwa nyimbo. Kisha Wajerumani wakaja, na watu kumi na mmoja wa nyumba yao wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa kambi ya kifo. Akarudi mmoja.

Alipobisha mlango wa kwao, akafungua Lambis, fundi viatu, jirani wa miaka ishirini. Huyu ndiye aliyekabidhiwa ufunguo, akaapa kwa msalaba kwamba atawatunzia nyumba. Mkewe, Vasso, akachungulia begani kwake.

"Loo! Na huyu hawakumfanya sabuni?"

Lambis hakumkemea mkewe. Aliangalia viatu vyake. "Nyumba nilipewa na ofisi ya mali za Wayahudi, Djoya. Karatasi ninazo."

Mlango ukafungwa.

Waliorudi walikuwa wakilala kwenye sinagogi moja iliyosalia. Huko Sabetai, mchukuzi wa bandarini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachomoa kisu. "Nipe ruhusa tu, dada. Kesho hayupo."

"Kumuua ni kazi ya dakika moja," Djoya akasema. "Atapumzika. Mimi sitaki apumzike."

Miezi ile walionusurika walioana kama watu wanaokimbizana na mvua. Msichana hana mama, mvulana hana baba, wamejuana wiki tatu. Hata nyimbo za harusi hawakuzijua, maana waliozijua walikuwa wameteketea. Djoya alikuwa nazo zote kichwani. Akawamba dufu jipya kwa ngozi ya mbuzi, akawaambia, "Nitawapigia wote. Sharti langu moja: msafara utapita kwa Lambis."

Jumapili ya kwanza alisimama mlangoni pale, akapiga mpaka vioo vikatetema. Aliimba wimbo wa bibi harusi, kisha akanyamazisha dufu kwa kiganja.

"Bulisa yuko wapi, Lambis? Rashel yuko wapi? Dada yangu Dudun yuko wapi?" Akawataja wote kumi. Jina la mwisho alilitaja kwa sauti ya chini. "Na mwanangu Liachi, wa miaka minne?"

Jumapili ya pili, vivyo hivyo. Ya tano, Vasso akamwaga ndoo ya maji ya vyombo kutoka juu, yakamlowesha bibi harusi. Watu wakaguna. Djoya akainua uso, akacheka kwa meno aliyobakiza.

"Ahsante, Vasso! Maji ni baraka! Bibi harusi atazaa saba, na wote nitawaleta hapa wakuamkie!"

Majirani walioanza kwa kuziba masikio wakaanza kusimama milangoni. Viatu vya kushonwa vikapungua kwa Lambis. Nani apeleke kiatu mahali panapoulizwa wafu kila wiki?

Halafu akaja Luna, msichana wa miaka kumi na tisa, mpole, akamshika Djoya mkono. "Shangazi, usiudhike. Siku yangu hii usinipitishe kule. Wangu pia wamekwisha wote. Nataka siku moja isiyo na Wajerumani ndani yake."

Djoya alikasirika. Siku mbili hakumsemesha Luna. Ya tatu, Jumapili ya harusi, akaupitisha msafara wake njia ya ufukweni, akamwimbia nyimbo zote mpaka mwisho, hata zile za utani za mama mkwe, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka. Kesho yake, Jumatatu asubuhi, akaenda kwa Lambis peke yake na dufu lake, akapiga mara mbili ya siku zote.

Wiki hiyo Lambis alimfuata sinagogini, kofia mkononi. "Djoya, jirani yangu. Chukua vyumba viwili vya chini. Tuishi kama zamani."

"Zamani tulikuwa kumi na mmoja. Umeniletea wangapi?"

"Mimi sikumuua mtu."

"Hukuua. Ulingoja tufe. Jumapili kuna harusi ya Sabetai. Vaa vizuri."

Majira ya kuchipua yalipofika, Lambis alipakia magodoro juu ya mkokoteni. Djoya alisimama barabarani, akampigia wimbo wa kumtoa bibi harusi, mapigo yote, mpaka mkokoteni ukapinda kona. Alidhani moyo wake ungepoa. Haukupoa. Lakini alifungua madirisha yote, akawapa maharusi vyumba vyote: Luna na mumewe juu, Sabetai na mkewe chini. Kabla mwaka haujaisha, watoto watatu walizaliwa mle ndani, na Djoya mwenyewe akawa anawabembeleza kwa vidole juu ya ngozi ya dufu.

"Nyumba umepata, watoto wanalia mpaka hatulali," Sabetai akamwambia siku moja. "Sasa umeridhika, dada?"

"Lambis kahamia wapi?"

"Kalamaria. Mbali huko."

"Si mbali," Djoya akasema, akilipasha dufu jotoni ngozi ikaze. "Tramu itanishusha karibu na mlango wake."