Ruhani Aliyekataa Kanga

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, siku ya Jumanne, saa kumi kamili za jioni, dada yangu Mwanahawa alikaa chini katikati ya mpunga wetu kule Mbwera akasema miguu yake inawaka, kana kwamba amekanyaga makumbi ya nazi yenye moto. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza taarifa ya habari.

Miguu haikuvimba wala haikuwa na jeraha. Bibi aliigeuza, akaitazama, akatoa hukumu. "Mwacheni. Ana mgeni."

Mgeni huyo alikuwa ruhani, aina ya pepo, na mwenye ruhani hatumwi kazi. Dada akalala ndani, akafukiziwa udi, akapikiwa mayai. Mimi nikaamia ndege peke yangu, nikiwafukuza mpungani kwa kelele mpaka sauti ikakauka.

"Bibi, na mimi miguu inaniuma."

"Yako inaumwa uvivu. Nenda, ndege wanamaliza mpunga!"

Ndiyo miaka ile maduka ya Kibiti yalipoanza kujaa nguo tena. Baba akaleta doti ya kanga nyekundu. Bibi alipomfunika, dada alipiga yowe, akaisukuma. "Ruhani hataki nyekundu," bibi akasema. Baba akarudi Kibiti, mashua kisha gari, akaleta nyeupe. Nayo ikatupwa. Mimi nilikuwa najifunga kipande cha kanga kuukuu ya mama, kimetoboka ubavuni. Kwa wivu nikasusa wali.

"Anajifanya," nikamwambia bibi.

"Chunga mdomo wako. Mgeni anasikia."

Ijumaa ya wiki ya tatu, watu wakiwa msikitini, nilimkuta dada amelala fofofo, anakoroma. Nikashika pindo la kanga nyeupe, nikaligusisha kwenye unyayo wake, taratibu, kama nzi anavyotua. Mguu uliruka. Akalia huku bado yumo usingizini, machozi yakipenya kwenye macho yaliyofumbwa. Aliyelala hajifanyi. Wala hachagui rangi.

Leo daktari mmoja wa Dar es Salaam anashuku kwamba kinga ya mwili wa dada ndiyo inayoshambulia mishipa yake ya fahamu. Anashuku tu, vipimo havijakubaliana. Simcheki bibi. Yeye alimwamini dada tangu siku ya kwanza. Mimi ilibidi nimuumize kwanza. Jambo hilo sijamwambia dada hadi leo. Na hata sasa watu wakija kumjulia hali na kumzunguka kitandani, kitu fulani kifuani mwangu huuliza: na mimi je? Nakijua jina lake, nakiacha kiulize.

Lakini kesho yake baada ya kumgusa unyayo, Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda kuamia ndege, nilikata fito tatu mbichi, nikazipinda juu ya kitanda chake na kuzifunga ubavuni kwa kamba. Kisha nikatandaza shuka juu ya fito, lisimguse popote.

"Nani kakufundisha?" dada akauliza.

"Hakuna," nikasema, nikatoka.